Pistoni Zinazokabiliana: Urari, Mtikisiko na Mtetemo katika Injini ya Mwako wa Ndani

1. Utangulizi

Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na kinu cha mahindi kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli ya silinda moja analijua jambo ambalo vitabu vya ufundi hulieleza kwa hesabu ndefu. Injini hiyo imefungwa kwa boliti katika saruji, na bado ardhi hutikisika chini ya miguu ya akina mama wanaongoja unga wao. Sababu yake si mlipuko wa mafuta peke yake, kama wengi wanavyodhani. Sababu kubwa ni kwamba pistoni, ambayo ni kipande kizito cha chuma, hutupwa upande mmoja, husimamishwa, kisha hutupwa upande wa pili, mamia ya mara kwa dakika, wala hakuna kitu kingine kinachotupwa kwa kinyume ili kuulipia mwendo huo.

Iko aina ya injini inayoonekana kulimaliza tatizo hili kwa pigo moja. Ndani ya kila silinda huwekwa pistoni mbili zinazotazamana. Hukaribiana zikiibana hewa kati yao, mafuta hunyunyizwa katikati, mwako huzisukuma zote mbili kwenda nje. Silinda haina kifuniko, kwa kuwa kila pistoni ni kifuniko cha mwenzake. Hewa huingia kwa matundu yaliyo upande wa pistoni moja, na moshi hutoka kwa matundu ya upande wa pili. Mara nyingi husemwa darasani kwamba injini ya namna hii ina urari kamili na haitetemeki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa usemi huo ni wa kweli kwa sharti moja tu, na kuwa karibu wahandisi wote mashuhuri waliojenga injini hizi walilivunja sharti hilo kwa makusudi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno. Katika mihadhara yetu neno moja la Kifaransa hubebeshwa mambo mawili. Kiswahili kinatupa maneno mawili, nasi tutayatumia yote. Mtikisiko ni mwendo wa kitu kizima: injini yote inahama kidogo huku na huku, kama meza inayosukumwa. Mtetemo ni mwendo wa kitu ndani yake chenyewe: kinajipinda au kujisokota, kisha kinarudi, kama uzi wa zeze uliochezwa. Hatudai kwamba kila msemaji huyatenga maneno haya hivyo kila siku. Twaomba ruhusa ya kuyatenga hapa, maana injini yaweza kuwa haina mtikisiko hata kidogo na ilhali mhimili wake unakatika kwa mtetemo. Neno urari tutalitumia kwa hali ambayo kani zote zinazotaka kuihamisha injini zimefutana.

2. Deni la pistoni moja

Pistoni huunganishwa kwa ufito na mhimili wa kombo, ule mhimili uliopindwa ambao mafundi wetu huuita kwa jina la Kifaransa au la Kiingereza kufuatana na mahali walipojifunzia kazi. Kombo huzunguka, pistoni huenda na kurudi. Kila inapofika mwisho wa safari yake hubidi isimamishwe na kugeuzwa, na tungamo lolote linalolazimishwa kubadili mwendo hulipiza kwa kusukuma kinyume. Hiyo ndiyo kani ya inesha. Tukiita tungamo t, nusu ya mpigo r, kasi ya mzunguko w, na pembe ya kombo θ, kani hiyo hukaribia sana

t × r × w² × (cos θ + λ cos 2θ)

ambapo λ ni uwiano wa nusu ya mpigo na urefu wa ufito, kwa kawaida kama robo. Sehemu ya kwanza hurudia mara moja katika kila mzunguko, nasi tutaiita daraja la kwanza. Sehemu ya pili hurudia mara mbili. Inatokana na ukweli kwamba ufito huinama pembeni, hata pistoni ikawa inageuka kwa ukali zaidi kwenye ncha moja ya safari kuliko kwenye ncha ya pili.

Ili hesabu isibaki hewani, tuchukue injini halisi. Junkers Jumo 205 ilikuwa injini ya dizeli ya ndege, iliyojengwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Ilikuwa na silinda 6 zilizosimama wima, pistoni 12, na mihimili miwili ya kombo, mmoja juu na mmoja chini, iliyounganishwa kwa gia. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 105, na mpigo wa kila pistoni milimita 160. Katika mizunguko 2,200 kwa dakika, mchapuko wa daraja la kwanza hufikia kama mita 4,250 kwa sekunde kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 430 ya mvutano wa dunia. Kila kilo moja ya chuma inayokwenda na kurudi hugeuka kuwa kani iliyo sawa na uzito wa kilo 430, inayovuta juu kisha chini, zaidi ya mara 36 katika sekunde moja. Hakuna ndege ambayo ingelivumilia deni hilo kama lisingelipwa.

Injini ya kawaida ya silinda nne katika mstari hulipa daraja la kwanza: pistoni mbili zikipanda, mbili hushuka. Lakini daraja la pili halilipwi. Kwa pistoni zote nne sehemu hiyo huelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, na jumla yake, λ ikiwa robo, ni sawa na daraja la kwanza la pistoni moja nzima. Ndiyo maana magari mengi ya silinda nne huwa na mvumo wa kuchosha katika mwendo wa kasi, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huongeza mihimili ya kusawazisha inayozunguka mara mbili ya kasi ya injini kwa kazi hiyo tu.

3. Urari wa kwenye karatasi

Sasa weka pistoni mbili zilizo sawa kwa tungamo, kwa mpigo na kwa urefu wa ufito, katika silinda moja, na uzifikishe katikati kwa wakati mmoja. Kani ya moja ni kinyume kamili cha kani ya pili. Hazifutani katika daraja la kwanza pekee: hufutana pia katika la pili, la nne, na yote yanayofuata, kwa kuwa hatukuhitaji kuijua kanuni yenyewe ili kusema kuwa kitu ukikiondoa katika kilicho sawa nacho hubaki sifuri. Tena kani hizo ziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo hazifanyi jozi ya kuizungusha injini ncha kwa ncha. Silinda moja tu, bila uzani wowote wa ziada, inapata kile ambacho injini ya kawaida hukipata kwa silinda sita katika mstari. Hilo si jambo dogo, na wanaoisifu injini hii hawakosei kuanzia hapo.

Sharti limo katika maneno "kwa wakati mmoja".

4. Kwa nini pistoni ya moshi hutangulia

Injini hizi karibu zote ni za mipigo miwili. Katika muda mfupi ambao pistoni ziko mbali, moshi hauna budi kutoka na hewa mpya haina budi kuingia. Fundi angependa mambo mawili. Kwanza, matundu ya moshi yafunguke kabla ya matundu ya hewa, ili shinikizo lishuke na moshi usirudi kwenye njia ya hewa. Pili, matundu ya moshi yafungwe kabla ya yale ya hewa, ili hewa ishindiliwe ndani badala ya kutorokea kwenye bomba la moshi. Pistoni zikienda sambamba, jambo la kwanza huwezekana kwa kuyafanya matundu ya moshi kuwa marefu zaidi, lakini la pili haliwezekani: tundu linalofunguka mapema hufungwa mwisho. Ili kupata yote mawili, mhimili wa pistoni ya moshi hutangulizwa kwa nyuzi chache mbele ya mwenzake. Katika Jumo 205 tofauti hiyo ilikuwa nyuzi 11. Katika Fairbanks-Morse 38D, iliyoendesha nyambizi nyingi za Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa nyuzi 12.

Nyuzi 11 zaonekana kuwa kitu kidogo. Hesabu yasema vingine. Ukitoa kani moja katika nyingine zikiwa zimeachana kwa pembe d, kinachobaki katika daraja la kwanza ni mara 2 ya sine ya nusu ya d. Kwa nyuzi 11 tunapata 0.19. Yaani asilimia 19 ya kani ya pistoni moja imerudi, na daraja la pili nalo limerudi kwa kiasi cha asilimia 9 au 10. Kwa nyuzi 20 daraja la kwanza ni asilimia 35. Na kwa nyuzi 60 ni asilimia 100 kamili: pistoni mbili zinazokabiliana kwa tofauti hiyo huitikisa injini sawasawa na pistoni moja isiyo na mwenzake. Tutaikuta namba hii tena hapa chini.

Kwa hiyo urari ulionunuliwa kwa pistoni ya pili huuzwa sehemu yake ili injini ipumue vizuri. Wahandisi waliifanya biashara hiyo bila kusita, kwa kuwa walikuwa na njia nyingine ya kulipa kilichobaki, nayo ni wingi wa silinda. Katika injini ya silinda sita ambazo kombo zake zimepangwa kwa nyuzi 60, masalio ya silinda moja hufutwa na masalio ya nyingine, katika daraja la kwanza na la pili pia. Katika injini ya silinda tatu, kama ile ya lita 10.6 iliyojengwa kwa ajili ya malori na kampuni ya Achates Power, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, kani hufutana lakini hubaki jozi ya kuinua ncha moja na kushusha nyingine. Hata hivyo, kwa tofauti ya nyuzi 11, jozi hiyo ni kama moja ya tano tu ya ile ya injini ya kawaida ya silinda tatu yenye vipimo sawa. Anayeumia kweli ni mwenye silinda moja. Yeye ndiye aliyeahidiwa urari kamili, na yeye ndiye asiyekuwa na jirani wa kumlipia.

5. Mihimili izunguke upande gani?

Hadi hapa tumesema juu ya pistoni. Fito na kombo nazo huyumba pembeni, na jambo hili mara nyingi husahauliwa.

Mihimili miwili ikizunguka upande mmoja, nusu ya juu ya injini ni sawa na nusu ya chini iliyogeuzwa nusu mzunguko. Kinachokwenda kushoto juu kina mwenzake anayekwenda kulia chini. Kitovu cha tungamo lote hakisogei hata kidogo. Lakini kani ya kushoto iliyoko juu na kani ya kulia iliyoko chini, zikiwa zimetengana kwa urefu wa silinda nzima, hufanya jozi inayotaka kuilaza injini ubavu kisha kuinyanyua. Mihimili ikizunguka kinyume, nusu moja ni taswira ya nyingine katika kioo. Kuyumba huko kwa ubavu hupungua sana, kwa kuwa mhimili mmoja ukiongeza kasi kidogo na mwenzake huongeza kwa upande wa kinyume. Ila sasa kombo zote mbili huenda kushoto pamoja na kulia pamoja, na lazima zifungiwe uzani wa kusawazisha. Ni chaguo kati ya madeni mawili, na kwa maoni yetu la pili ni rahisi kulipa, maana uzani hufungwa kwenye kombo yenyewe na gharama yake hujulikana kabla injini haijawashwa. Lakini mara nyingi aina ya gia inayotakiwa ndiyo huamua, wala si urari.

Napier Deltic ya Uingereza ni mfano mzuri wa uamuzi wa namna hii. Silinda zake 18 zilipangwa katika safu tatu zilizofanya pembetatu, na kwenye kila kona ya pembetatu kulikuwa na mhimili wa kombo uliotumikia safu mbili: pistoni za hewa za safu moja na pistoni za moshi za safu jirani. Pembetatu ina amri zake. Kila kona ina nyuzi 60, na ukizunguka kona zote tatu hesabu ya nyuzi lazima ifunge. Mihimili yote mitatu ikizunguka upande mmoja, kona huchangia 60 mara tatu, na kila safu hulazimika kubeba tofauti ya nyuzi 60 kati ya pistoni zake, ile ile tuliyoona kuwa inaufuta urari wote wa silinda, tena ni kubwa mno kwa upumuaji. Herbert Penwarden, mchoraji wa ramani za mitambo katika idara ya jeshi la majini la Uingereza, ndiye aliyependekeza mhimili mmoja uzungushwe kinyume. Hapo kona mbili huongeza na moja hupunguza: hubaki 60, ukigawa kwa safu tatu unapata 20. Tofauti ya nyuzi 20 ya Deltic, basi, haikuchaguliwa na mtaalamu wa moshi wala wa mitikisiko. Ilitoka kwenye jiometria. Injini hizo ziliendesha boti za kivita, na mbili mbili ziliwekwa katika vichwa vya treni 22 vilivyotolewa mwaka 1961 na 1962, kila injini ikiwa na nguvu-farasi 1,650. Vya mwisho viliondolewa kazini mwanzoni mwa 1982.

6. Pistoni zisizo sawa

Tulisema pistoni ziwe sawa. Injini za meli za William Doxford and Sons, kutoka Sunderland huko Uingereza, zinaonyesha kuwa hata sharti hilo laweza kuzungukwa. Meli ya kwanza yenye injini yao ya pistoni zinazokabiliana ilikuwa Yngaren, mwaka 1921. Doxford hawakutaka mihimili miwili. Walitumia mmoja tu, chini kabisa, wenye kombo tatu kwa kila silinda: ya katikati kwa pistoni ya chini, na mbili za pembeni kwa fito ndefu zilizopanda hadi kwenye boriti iliyoshika pistoni ya juu. Kwa hiyo pistoni ya juu ilibeba mzigo mwingine mzito wa chuma. Dawa yao ilikuwa kuifupishia safari. Kinachotakiwa kuwa sawa si tungamo, bali zao la tungamo na nusu ya mpigo. Katika aina moja yenye silinda za milimita 600, pistoni ya chini ilikwenda milimita 1,340 na ya juu 980. Vipimo hivyo hutaka tungamo la juu lizidi la chini kwa kadiri ya mara 1.37. Daraja la pili nalo hufutana iwapo uwiano wa λ ni sawa juu na chini, yaani mpigo mrefu upewe ufito mrefu.

Mpango huu una faida nyingine. Shinikizo la mwako linalosukuma pistoni ya juu hushuka kwa fito za pembeni hadi kwenye mhimili ule ule unaosukumwa na pistoni ya chini. Kani hizo mbili hukutana na kumalizana katika chuma cha mhimili, na kiunzi cha injini hakivutwi. Meli nzima hutulia. Lakini kombo tatu kwa kila silinda ni mhimili mrefu sana, na mhimili mrefu ni mlegevu. Hapa mtikisiko unaiachia nafasi yake mtetemo.

7. Mahali ambapo urari hausaidii

Mhimili wa kombo husukumwa kwa vishindo. Kati ya kishindo na kishindo hujisokota na kujisokotoa, na kila mhimili una mdundo wake wa asili wa kufanya hivyo. Vishindo vikiangukia kwenye mdundo huo, msokoto hukua mzunguko baada ya mzunguko hadi chuma kichoke. Mtu aliyesimama kando ya injini huenda asihisi lolote, maana hakuna kani inayotoka nje.

Katika injini ya mihimili miwili kuna jambo la kuongezea. Kutangulia kwa pistoni ya moshi huvunja usawa wa kazi pia. Shinikizo linapofika kileleni, kombo iliyotangulia imekwisha kupita mahali pa kugeukia na ina wenzo wa kusukumia. Kombo ya nyuma ndiyo kwanza inafika, na ufito wake umenyooka bila wenzo wowote. Katika Fairbanks-Morse, kwa nyuzi 12 tu, mhimili wa chini ulitoa kiasi cha asilimia 72 ya nguvu kwa mzigo kamili, na wa juu asilimia 28. Hiyo asilimia 28 ilishushwa kwa mhimili wa wima wenye gia juu na chini. Katika injini kama hizo, katika sehemu za mzunguko ambapo silinda zinabana hewa, mhimili dhaifu badala ya kutoa nguvu huidai, na meno ya gia yakiwa na nafasi hata ndogo huachana na kugongana. Fundi asikiapo mgongano huo hapaswi kukimbilia kusawazisha pistoni. Pistoni hazina kosa. Atazame gia, na kiungo chenye kunyumbuka kidogo kinachowekwa katikati yake ili kuyeyusha msokoto.

Mfano mmoja unabaki wa injini iliyolitimiza sharti la wakati mmoja bila kuliuza. Junkers walijenga mashine za kubana hewa zenye pistoni huru, zilizotumiwa katika nyambizi za Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hazikuwa na mhimili wa kombo wala fito za kuinama. Kila pistoni ya mwako ilifunganishwa moja kwa moja na pistoni ya kubana hewa, na pande mbili ziliunganishwa kwa kifaa chepesi cha kuzilazimisha zifike katikati pamoja. Mashine ya silinda moja tu ilitulia pasipo uzani wowote wa ziada. Lakini hapakuwa na mhimili wa kugeuza gurudumu au rafadha, na kwa kuwa pistoni zilikwenda sambamba, matundu ya moshi yaliyofunguka kwanza yalifungwa mwisho, na sehemu ya hewa mpya iliondoka na moshi.